Bahari Iliyohamishwa kwa Ndoo

Katika siku za mwezi wa sita, ambapo upepo wa Ufipa hupenya hata ndani ya blanketi mbili, alitujia mtu mmoja hapa Malangali wakati wa jioni. Akapiga hodi, akakaribishwa, akaketi karibu na jiko la mkaa, akanyamaza kitambo kirefu. Mtu huyu ni wa usharika wetu, amezaliwa hapa na kupata kipaimara hapa, ijapokuwa kwa miaka kumi na miwili amekuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Jina lake halina haja kutajwa. Sisi tulidhani amekuja kwa habari ya shamba la marehemu baba yake, maana ulikuwa wakati wa kuvuna ulezi, na ndugu zake walikuwa wakimngoja. Lakini alipofumbua kinywa aliuliza hivi: "Mwalimu, mtu akiua samaki na viumbe vingine vya bahari kupita mia, wala si kwa kula, wala si kwa hasira, bali kwa kutii alivyoambiwa, je, ana hatia?"

Karibu tucheke. Sisi watu wa Ufipa tumewekwa kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, na mtu aendaye sokoni Sumbawanga hakosi kukuta dagaa na migebuka iliyokaushwa. Samaki mia ni kitu gani kwetu? Lakini tulipomtazama uso tuliona kwamba hakuja kufanya mzaha, tukajizuia. Neno lake tukalipeleka kwa wazee wa usharika, likazungumzwa jioni tatu, wala hatukupatana wote. Ndiyo sababu twaliandika hapa, ili na wengine walifikiri.

Yafaa kwanza tueleze kazi yake, maana wengi wetu hatujapata kuona kitu cha namna hiyo. Katika nyumba ya mwajiri wake, sebuleni, lilikuwako sanduku kubwa la kioo lililojaa maji ya bahari. Ndani yake hawakuwamo samaki peke yao. Yalikuwamo matumbawe hai, na mawe ya baharini yenye matundu mengi, na mchanga mweupe, na kamba wadogo, na konokono, na wale samaki wadogo wenye mistari myeupe ambao hulala katikati ya mikono ya mnyama mlaini afananaye na ua. Mnyama huyo huwawasha samaki wengi wengine, lakini hao hawadhuru. Kwa maneno machache, ilikuwa kama sehemu ndogo ya mwamba wa bahari, mfano wa ile iliyoko Mafia na Chumbe, iliyokatwa na kuwekwa ndani ya nyumba ya mtu.

Nasi tulio mbali na pwani tusidhani ya kuwa jambo hili ni geni kabisa kwetu. Katika ziwa letu la Tanganyika wamo samaki wadogo wakaao penye mawe, wenye rangi nyingi, na wapo ambao hawathubutu kuvuka mchanga kwenda kwenye mawe ya jirani. Kwa hiyo samaki wa mawe haya huwa na rangi yake, na samaki wa mawe yale, wa ukoo ule ule, huwa na rangi nyingine. Hao nao huvuliwa wakiwa hai, hutiwa katika mifuko ya maji, hupelekwa kwa ndege hata Ulaya na Marekani, wakatiwe katika masanduku ya kioo. Na ziwa lenyewe lilipata kudhaniwa kuwa ni bahari. Mwaka 1883 mtaalamu Mjerumani, Böhm, aliona humo konyeza, mnyama ambaye watu walizoea kumwona baharini tu. Na baadaye Mwingereza Moore, aliyesafiri huku mara mbili kati ya mwaka 1895 na 1900, akafundisha kwamba zamani bahari ilifika hapa. Sivyo ilivyokuwa, kama wataalamu waliomfuata walivyoonyesha. Ziwa lilizaliwa na kupasuka kwa nchi. Lakini kosa lake twaweza kulielewa.

Turudi kwenye sanduku. Tumbawe si jiwe, wala si mmea. Watu wa pwani hulichimba na kulichoma wapate chokaa ya kujengea, na kwa ajili hiyo wengi hulihesabu kuwa jiwe. Kumbe ni wanyama wadogo sana, maelfu kwa maelfu, wakaao pamoja katika nyumba moja waliyoijenga wenyewe. Na ndani ya miili yao imo mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ipokeayo nuru na kuwalisha wenyeji wake. Maji yakizidi joto kwa kiasi kidogo tu, ushirika huo huvunjika; ile mimea hutoka, na tumbawe hubaki jeupe kama mfupa, nalo likikaa hivyo siku nyingi hufa. Mwaka 1998 jambo hilo lilitokea katika Bahari ya Hindi, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania yakafa. Tumbawe la namna ya mviringo hukua kadiri ya sentimita moja kwa mwaka. Basi lile aliloliangalia ndugu yetu, lenye ukubwa wa kichwa cha mtu, lilikuwa na umri wa miaka kumi au kupita.

Lakini habari iliyotushangaza kuliko zote ni habari ya watumishi wasioonekana. Samaki akila hutoa uchafu, na uchafu ule hugeuka kuwa sumu iitwayo amonia, nayo hata ikiwa kidogo huunguza matamvua ya samaki. Baharini sumu hiyo si neno, maana bahari ni kubwa. Lakini katika sanduku ingewaua wote kwa siku chache, kama wasingalikuwako bakteria. Hao hukaa juu ya mawe, na ndani ya matundu yake, na katika mchanga. Kundi moja huichukua amonia na kuigeuza kuwa kitu kingine, ambacho nacho ni sumu bado. Kundi la pili hukichukua hicho na kukigeuza tena, hata madhara yake yapungue sana. Mkulima wa Kifipa hana haja ya kufundishwa jambo hili mara mbili. Yeye afukiaye majani katika yale matuta ya mviringo, ntumba, anajua ya kuwa kuna wafanyao kazi chini ya udongo wala hawaonekani, na kwamba kazi yao haiharakishwi kwa kukemewa. Katika sanduku jipya, bakteria hao huhitaji majuma manne au sita hata watoshe kazi yao. Kabla ya hapo maji huonekana safi, tena meupe kuliko maji ya kale, nayo ni maji ya mauti.

Basi mwajiri akanunua sanduku jingine, kubwa mara mbili kuliko lile la kwanza. Nia yake ilikuwa njema, twataka hili lieleweke; alisema viumbe vile vimebanana, vipate nafasi. Lakini alikuwa na wageni siku ya Jumamosi, akataka kila kitu kihamishwe Ijumaa, na kila kitu king'ae. Ndugu yetu akamwambia, "Mzee, aliyenifundisha kazi hii alisema maji yasibadilishwe yote mara moja." Akajibiwa, "Maji ni maji, fanya kazi." Naye akafanya. Mawe akayasugua kwa brashi katika maji ya bomba, ambayo hutiwa dawa ya kuua vijidudu, jambo lililo jema kwetu tunywao, lakini kwa watumishi wale lilikuwa upanga. Mchanga akauosha hata ukang'aa kama sukari. Maji ya kale akayamwaga bafuni, ndoo baada ya ndoo, akakoroga chumvi ya kopo katika maji mapya asubuhi ile ile, akawatia samaki kabla chumvi haijayeyuka sawasawa.

Jumamosi wageni wakasifu sana. Usiku wa Jumapili samaki wawili walikuwa juu ya maji, wakihema kama mtu aliyepanda mlima. Siku ya tatu matumbawe yakatoka ute, yakajikunja. Siku ya tano nyumba nzima ilikuwa na harufu. Ndugu yetu akavitoa viumbe kwa ndoo ile ile aliyoviingizia. Wamo katika hao samaki wawili aliowalisha kwa mkono wake miaka minane, ambao, asemavyo, walikuwa wakija kwenye kioo kila walipomwona yeye, wala hawakuja kwa mtu mwingine. Mwajiri alisikitika, akampa likizo. Hakumkaripia. "Afadhali angalinikaripia," ndivyo alivyotuambia.

Haya ndiyo tuliyoyapeleka mbele ya wazee.

Mzee wa kwanza, mtu mwenye maneno machache, alisema shauri hili halina uzito. Binadamu amepewa kutawala samaki wa bahari, neno ambalo kila mmoja wetu alilisikia tangu kufundishwa. Nasi tunawala kila juma, wala hatutubu kwa ajili ya mgebuka. Mzee wa pili alisema uzito upo, lakini si wa mtumishi. Mtumishi ni mkono. Kichwa ndicho kilichoamuru. Wakabishana kwa adabu, na jioni ya kwanza ikaisha hivyo.

Jioni ya pili alikuwapo mama mmoja, naye alikuwa akichambua maharage huku akisikiliza. Akauliza neno moja tu: "Samaki hao, maji yalipoharibika, wangaliweza kukimbia?"

Twakiri ya kuwa sisi tulioketi mbele, wenye vitabu, hatukuwa tumeliuliza. Maana katika ziwa, wavuvi wa Kasanga na Kirando wanajua, wakati wa kiangazi upepo wa kusini husukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na upande wetu maji baridi ya chini hupanda. Maji ya vilindini katika Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake hufika mita 1,470, hayana hewa ya kupumua samaki. Samaki ahisiye maji mabaya huondoka. Ana maji mengine. Katika sanduku la kioo hakuna maji mengine. Mtu amfungiaye kiumbe ndani yake amekuwa bahari ya kiumbe huyo. Amekuwa upepo wake na mwezi wake na jua lake. Alichokiondoa si maji, ni njia. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyeiondoa njia, deni lote ambalo zamani lilikuwa juu ya bahari sasa li juu yake.

Kwa neno hili tulimjibu mzee wa kwanza. Tunakula mbuzi siku ya sikukuu, wala hatuna hatia. Lakini mtu akimfunga mbuzi kwa kamba juani, akaenda pombeni akamsahau, hata mbuzi akafa kwa kiu, kijiji kizima kitasema mtu huyu amefanya vibaya, ingawa mbuzi yule yule angalichinjwa kesho yake. Kwa nini? Si kwa sababu mbuzi huyo ana thamani kuliko mwingine. Ni kwa sababu ya kamba. Angalikuwa huru angalikwenda mtoni. Mzee akafikiri, akasema kamba ni hoja nzuri, lakini samaki si mbuzi, naye amebaki hapo mpaka leo.

Sisi hatukuweza kubaki hapo, maana tulianza kuona masanduku mahali pengi. Ziwa nalo ni sanduku, ila ni kubwa. Na watu wamehamisha samaki kutoka maji hata maji mengine kwa nia njema mara nyingi, na kwanza wametoa katika ziwa letu wenyewe. Katika miaka ya mwisho ya 1950 Wabelgiji walichukua dagaa wa Tanganyika wakawapeleka Ziwa Kivu, ambako hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vya maji ya katikati. Namna mbili zilipelekwa. Moja haikustawi, ya pili ikajaa ziwa, na watu wa Kivu wakapata kitoweo, ndio sambaza wanaouzwa Goma na Bukavu. Tena mwaka 1967 na 1968 dagaa hao hao wakapelekwa katika bwawa la Kariba katika Mto Zambezi, nao wakaenea mno, hata wengine wakapita katika mitambo ya umeme, wakateremka na mto, wakazaana katika bwawa la Cahora Bassa nchini Msumbiji bila kupelekwa na mtu. Dagaa ni samaki dhaifu sana. Akiguswa magamba hupukutika, akafa. Waliowahamisha walijifunza hilo kwa hasara. Lakini mwisho wake umekuwa chakula cha watu wengi, wala hatuthubutu kuwalaumu.

Katika Ziwa Victoria mambo yakawa mengine. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 alitiwa sangara, ambaye hakuwamo. Nia ilikuwa kupata samaki mkubwa mahali pa furu wadogo wenye miiba. Kwa miaka mingi hakuonekana kufanya neno. Kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafula, na furu, ambao walikuwa wa aina mamia, wasiopatikana mahali pengine duniani, wakatoweka kwa wingi, ingawa aina chache zimeonekana tena baadaye. Viwanda vikajengwa Mwanza, fedha ikaja, na minofu ikapelekwa Ulaya. Mtu wa Mwanza aweza kutujibu kwamba sangara amemsomesha mtoto wake, nasi hatutakuwa na jibu la haraka. Lakini furu hawakuwa na maji mengine.

Tukipima hatia kwa mwisho wa jambo tu, basi waliopeleka dagaa Kivu ni watu wema, na waliotia sangara Victoria ni wabaya, hali wote walitenda jambo moja, tena kwa ujuzi usiotosha. Hilo halitutulizi. Tumetafuta tofauti nyingine, nayo twaiona hapa: juu ya Ziwa Victoria palikuwa na mtu aliyeonya. Mtaalamu Fryer aliandika mwaka 1960, katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki, akipinga shauri la kumtia sangara, akaeleza sababu zake. Hakusikilizwa. Twaona ya kuwa kutojua si dhambi; mtu hawezi kujua yote kabla ya kutenda, la sivyo asingepanda hata mbegu moja. Uovu huanza pale palipo na ajuaye, naye yu karibu, akanena, na mwenye haraka asingoje.

Kuna jambo la tatu, la nchi yetu, na hili ndilo lililotunyima usingizi. Katika korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, palikuwa na maporomoko yaliyorusha manyunyu mchana na usiku, na mahali penye manyunyu hayo, kadiri ya hekta mbili tu, aliishi chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyefika sentimita tatu. Chura huyu hatagi mayai. Huzaa watoto walio kamili. Alijulikana kwa wataalamu mwaka 1996, hali ujenzi wa bwawa la umeme umekwisha kuanza juu ya maporomoko yale. Mitambo ya megawati 180 ikawashwa, maji mengi yakageuzwa njia yake, manyunyu yakakoma. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa kwa ndege hata New York, wakawekwa katika masanduku ya kioo ya bustani za wanyama. Waliohamishwa hawakujulikana bado wanataka nuru gani, chakula gani, unyevu gani. Wakafa wengi, wakabaki wachache mno. Huko korongoni watu wakatandaza mabomba ya kunyunyiza maji mahali pa maporomoko, na kwa muda vyura waliobaki wakaongezeka, kisha mwaka 2003 wakaanguka kwa ghafula, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ulikuwa umeingia. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hawako tena katika makao yao. Lakini wale wa kwenye vioo, kwa kuangaliwa siku kwa siku na watu waliokubali kufundishwa na chura, wakaanza kuzaa. Mwaka 2010 wengine wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakarudishwa Kihansi kwenyewe, kwanza ndani ya vizimba, wapate kuyazoea tena maji ya kwao.

Tazameni, ndugu zetu, jambo lililofanyika pale. Hatusemi umeme usingezalishwa. Hospitali inahitaji taa, na sisi wa Sumbawanga, ambao kwa miaka mingi umeme wetu ulitoka Zambia, hatuna haki ya kuwahukumu wengine kwa kutaka wa kwao. Lakini tangu siku maji yale yalipogeuzwa, mwanadamu amekuwa mvua ya chura. Bomba likiziba, ni yeye. Fedha ya kulitengeneza ikikosekana, ni yeye. Zamani mvua ilinyesha bila kuamriwa, sasa kuna mtu ambaye ni lazima aamke kwenda kuangalia kama inanyesha. Deni hili halina mwaka wa kwisha. Nasi twauliza, je, waliotia sahihi walijua ya kuwa wanajifanya mvua? Na wewe ulinunuaye sanduku la kioo, au umchukuaye yatima wa ndugu yako, au umletaye mzee wako kutoka kijijini akae chumba cha nyuma mjini, je, umehesabu njia ngapi unazoziondoa, ambazo itakubidi uzijaze mwenyewe?

Basi jioni ya tatu tukarudi kwa ndugu yetu na neno lake la kutii. Mzee wa pili hakuacha msimamo wake: mtumishi alisema, akakatazwa, yamekwisha. Sisi twaona alisema, ndiyo. Lakini alisema mara moja, kwa sauti ndogo, huku brashi iko mkononi. Tulimwuliza, "Ulijua watakufa?" Akasema, "Nilidhani." Tukamwuliza, "Mwajiri alijua?" Akasema, "Hapana, yeye alikuwa hajui kitu." Ndipo tukamwambia kwamba katika nyumba ile, juu ya jambo lile, yeye ndiye aliyekuwa mwenye macho, na mwenye macho akinyamaza mbele ya asiyeona hawezi kusema alikuwa mkono tu. Hatia ipo, ya wawili, wala sehemu yake si ndogo kwa kuwa mshahara wake ni mdogo.

Hakulia. Alisema jambo ambalo hatukulitazamia. Alisema, "Mwalimu, ningekataa ningefukuzwa, na watoto wanne wako shuleni." Tukanyamaza. Maana sisi tuliomhukumu tulikuwa tumeketi chini ya bati ambalo miaka mitano iliyopita yeye alichangia mabanda kumi, kwa mshahara uliotoka katika sanduku lile lile. Hakuna katika sisi aliyemwuliza wakati ule fedha imepatikanaje. Hukumu yetu hatuiondoi, lakini twaandika na hili, msomaji apime mwenyewe kama tulikuwa na haki ya kuinena kwa sauti kubwa hivyo.

Siku chache baadaye mwajiri alimpelekea ujumbe kwa simu. Sanduku kubwa li tupu. Anataka kuanza tena. Je, atarudi baada ya mavuno? Ndugu yetu akaja nao kwetu, akaomba tumsaidie kuandika jibu, kwa kuwa hakutaka mara hii kusema kwa sauti ndogo. Tukaketi naye saa mbili. Alijua kila kitu alichotaka. Kazi yetu ilikuwa kuandika tu.

Aliandika kwamba atarudi, kwa masharti. Mawe yatangulie peke yake na maji ya chumvi, gramu 35 kwa lita, yaliyokorogwa jana yake na kupimwa. Na kwa majuma sita pasiwe na samaki hata mmoja, hata wageni wakija. Kisha waingie konokono. Kisha samaki mmoja, naye atiwe maji mapya tone kwa tone ndani ya ndoo yake kwa muda wa saa nzima kabla ya kuachiliwa. Matumbawe yasitolewe baharini. Vipande vikatwe katika matumbawe ya watu wengine wenye masanduku, maana kipande kidogo hukua kikiwekwa vizuri. Na ikiwa siku nyingine litanunuliwa sanduku jingine tena, nusu ya maji ya kale ihamie pamoja na viumbe, mawe yabebwe yakiwa ndani ya maji yake, yasisuguliwe, na mchanga wa chini, ambao una sumu iliyolala, uachwe isipokuwa konzi chache za juu. Mwisho akaandika: "Mzee, nikisema tungoje, tutangoja. Kama hilo haliwezekani, tafuta mtu mwingine, nami nitakaa nyumbani."

Tulimwuliza kama anataka sentensi ile ya mwisho ibaki. Akaisoma mara mbili. Akafikiri, twadhani, juu ya ada ya shule. Akasema ibaki.

Ujumbe ulipelekwa siku ya Jumatatu. Mpaka tunapopeleka maandiko haya kwa mpiga chapa, jibu halijafika, na ndugu yetu yuko shambani na kaka zake, wanapura ulezi.